Mbwa mdogo, kilo nne, hataki sima na choo ni uji. Nyinyi hapa Mombasa mwalisha nini?

#1 KipangaWaTudor
Salaam nyote. Nimepewa mbwa mdogo, dume, wa miezi kumi hivi. Aliyekuwa naye amehamia Nairobi kwenye ghorofa ambayo mwenye nyumba hataki wanyama, akanambia nimchukue ama ampeleke kwa watu asiowajua. Nikamchukua. Ni mweupe, manyoya marefu, mchanganyiko wa Japanese Spitz na kitu chengine ambacho hakuna ajuaye. Nilimpima kwa mizani ya muuza viazi hapa mtaani: kilo nne na robo. Muuza viazi alikaribia kunipiga.

Siku tatu za kwanza nilimpa kile mbwa wote wa kwetu walichokuwa wakila: sima na omena. Akaisukuma sahani kwa pua mpaka ikaingia chini ya friji. Nilipoivuta nikaona amechambua omena mmoja mmoja, vichwa kaviacha kando vimepangana kama aliyehesabu. Sima hakugusa. Siku ya nne akala kidogo, usiku akaharisha kwenye zulia la mamangu. Leo ni siku ya tatu choo ni uji. Yuwacheza, yuwabweka, maji yuwanywa, lakini kula ni vita.

Yule bwana hajui hasa alikuwa akila nini. "Zile punje za dukani", basi. Jina la mfuko hakumbuki. Nimeenda duka moja la Nyali nikaona mifuko mpaka macho yakaniuma: ya mbwa mdogo, ya mbwa mzee, yenye nyama ya kuku, yenye nyama ya kondoo, isiyo na nafaka. Nachagua vipi? Na mbwa mdogo kweli ahitaji chakula chake mbali, ama ni njia ya kututoa pesa?

#2 BaharaWaLikoni
Mbwa wa Kijapani humpi sima, mpe wali na samaki. Mbona rahisi.

#3 Mwakazi
Mfungie chakula siku mbili. Njaa itamfunza adabu. Mbwa wetu kule Kaloleni hula mpaka maganda ya muhogo na wanafukuza nguruwe mwitu.

#4 MchungaNgombe
@Mwakazi hapana, hapo simama kabisa. Nimefanya kazi na daktari wa mifugo miaka kumi na moja. Mbwa mkubwa wa kijijini aweza kukaa siku nzima bila kula, haimdhuru. Hawa wadogo wadogo, hasa wakiwa bado watoto, sukari ya mwili hushuka haraka. Aanza kutetemeka, ayumbayumba kama mlevi, mwisho azirai. Huyu ana miezi kumi, hatari imepungua, lakini ana tumbo bovu juu yake. Usimfungie chakula.

@KipangaWaTudor kwa sasa sahau mifuko. Chemsha kifua cha kuku bila ngozi, bila chumvi, bila kitunguu, changanya na wali laini. Kuku sehemu moja, wali sehemu mbili. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku. Na choo chake peleka kwa daktari kikiwa kipya, ndani ya kikopo safi, kikapimwe minyoo. Siku tatu ni nyingi. Ukiona damu, au atapika, au fizi zimekuwa nyeupe, usingoje asubuhi.

#5 Mama_Zena
Pole mwanangu, zulia nalo pole. Mimi nadhani ni huzuni tu. Paka wangu nilipohama kutoka Majengo hadi Bamburi alikaa siku tano chini ya kitanda. Mnyama naye ana moyo. Mpe nguo ya yule bwana alalie.

#6 OtisMjaluo
Kitu ya kwanza, hiyo omena uliinunua wapi? Omena ya kweli ni ya ziwa. Hizo za Kongowea zingine zimeanikwa chini, zimejaa mchanga. Ukizipika bila kuziosha mara tatu, hata wewe utaharisha. Kwetu tunaziloweka maji moto, mchanga unabaki chini. Halafu ugali uliisonga na unga gani?

#7 BaharaWaLikoni
Huku twaita sima, ndugu yangu. Ugali uliuacha Mariakani.

#8 OtisMjaluo
Haya, sima. Mbwa hajui tofauti.

#9 KipangaWaTudor
Omena ni za Kongowea, kweli. Niliziosha mara moja. Unga ni wa posho, tuliusaga sisi wenyewe.

#10 Fundi_wa_Mtwapa
Hapo kwenye unga ndipo mimi napatilia shaka. Mahindi yakikaa na unyevu hushika kuvu, na kuvu ile hutoa sumu, sumukuvu. Hamkumbuki 2004 kule Makueni na Kitui? Watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Na mbwa ini lake ni jepesi kudhurika kwayo. Sasa fikirieni unyevu wa Mombasa, gunia limeegemezwa ukuta wa nyumba yenye chumvi, mwezi wa tano, mvua ya masika. Unga ukinusa kama kabati la zamani, mwaga.

#11 MchungaNgombe
Sumukuvu ni kweli, lakini mbwa wa sumukuvu hukataa chakula, hutapika na kulegea, macho yakaweza kugeuka manjano. Huyu yuwacheza. Mimi hapo siweki pesa yangu.

#12 Fundi_wa_Mtwapa
Sikusema ndiyo. Nimesema auangalie unga. Na hizo punje za dukani zashika vivyo hivyo! Kuna duka moja, silitaji, wafungua mfuko wa kilo ishirini na kuuza kwa kupima, kilo kilo, umekaa wazi karibu na mlango wiki nzima. Nilinunua nusu kilo, nikaiweka mkononi, ina mafuta ya kunata na harufu ya mafuta ya taa yaliyokaa. Mafuta yake yalikuwa yamechacha. Mbwa wangu alinusa akaenda zake, akanitazama kama mimi ndiye niliyeipika.

#13 Tanga_Raha
Wakuu habari, natokea upande wa pili wa mpaka. @KipangaWaTudor mkuu, mbwa asili yake ni mbwa mwitu. Hana kazi na wanga. Sima, wali, ngano, vyote ni kujaza tumbo tu. Mpe nyama mbichi na utumbo, uone atakavyong'aa. Usihangaike na mifuko.

#14 Shemeji_Kizingo
@Tanga_Raha mkuu, hiyo habari ilishapinduka. Mwaka 2013 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature uliolinganisha mbwa na mbwa mwitu, ukakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Ameishi na watu wakulima maelfu ya miaka, tumbo lake limefuata. Wanga uliopikwa vizuri ausaga bila shida. Shida ya sima si kuwa ni wanga. Shida ni kuwa sima peke yake haina kitu.

Na nyama tupu pia ina pengo, madini ya mifupa. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba sana. Mbwa anayekua akilishwa nyama tupu miezi, mifupa yake huwa laini. Ndiyo maana, ukicheka usicheke, omena mzima mwenye miiba ni bora kuliko mnofu wa ng'ombe.

#15 OtisMjaluo
Mmesikia? Omena. Asante.

#16 MchungaNgombe
Na utumbo mbichi wa machinjioni mwacheni nao. Wabeba tegu, na yale tegu ya mbwa humpata mtu pia, hufanya vifuko vya maji ndani ya ini. Chemsha.

#17 Tanga_Raha
Sawa mkuu, nimepokea. Ila mbwa wa babu yangu alikula mbichi miaka kumi na minne. Nasema tu.

#18 Ust_Mvita
Assalaam aleykum. Mimi sifugi mbwa, nimeusoma uzi kwa sababu jirani yangu anaye. Kwa sisi Mashafii, kumbukeni chombo chake kiwe mbali na vyombo vya nyumba. Alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini kumlisha na kumnywesha kuna thawabu, yule aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake alisamehewa. Kwa hivyo mlisheni vizuri.

#19 KipangaWaTudor
Aleykum salaam ustadh. Mamangu keshanunua sahani nyekundu ya plastiki, ameiandika kwa mafuta ya rangi "MBWA", herufi kubwa, pande zote mbili na chini pia. Hakuna atakayekosea.

#20 Mama_Zena
😂 Mamako nampenda bure.

#21 Hesabu_Changamwe
Nyote mmemwambia ampe nini, hakuna aliyemwambia ampe kiasi gani. Uzito wake ni 4.25. Zidisha 4.25 kwa yenyewe mara tatu, yaani 4.25 × 4.25 × 4.25, wapata kama 76.8. Toa kipeuo cha pili, halafu toa tena kipeuo cha pili cha jibu, wapata 2.96. Zidisha kwa 70. Jibu ni kalori 207, hiyo ni ya kulala tu na kupumua. Mbwa mzima aliyehasiwa, zidisha kwa 1.6, ni kama 331. Huyu bado ana miezi kumi, yuwamalizia kukua, aweza kupanda hadi mara mbili, 414. Punje nyingi zina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Kwa hivyo gramu 90 hadi 110 kwa siku yatosha. Kikombe kimoja cha chai, basi. Mfuko wa kilo tatu unakwenda mwezi.

Hapo ndipo utaona mbwa mdogo si ghali. Ghali ni German Shepherd wa jirani yangu.

#22 BaharaWaLikoni
Mimi kwa hesabu hii hata mbwa mwenyewe angekataa kula.

#23 Shemeji_Kizingo
Hesabu ni sahihi, nimeirudia. Ila ni kianzio tu, mbwa wawili wa uzito mmoja hutofautiana sana. Mshike mbavu: uzisikie chini ya vidole bila kukandamiza, lakini usizione kwa mbali.

Kwa swali lake la mifuko: @KipangaWaTudor picha ya mbwa iliyo mbele usiitazame, geuza mfuko. Tafuta maandishi madogo yasemayo ni chakula kamili, na cha umri gani. Vingine ni vya ziada tu, vya kumpa kama zawadi, havitoshi peke yake. Iliyotoka Marekani mara nyingi hutaja viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama huko. Kwa viwango hivyo protini isipungue asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua na 18 kwa mzima, ikihesabiwa bila maji. Tafuta cha "anayekua" au cha "umri wote". Tarehe ya mwisho isome dukani, usiisome nyumbani.

Cha mbwa mdogo tofauti yake kubwa ni mbili: punje ni ndogo, mdomo wake waziweza, na nguvu imekusanywa ndani ya punje chache kwa sababu tumbo lake ni dogo. Si uongo mtupu, lakini si lazima pia. Chakula kamili cha mbwa anayekua chenye punje ndogo kitamfaa hata kama hakikuandikwa neno hilo.

#24 Nyali_Mpya
Nunua kisicho na nafaka. Daktari mmoja mtandaoni alisema nafaka ndiyo inayoharisha mbwa wote. Ghali kidogo lakini afya.

#25 Shemeji_Kizingo
Hapo polepole. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilianza 2018 kuchunguza visa vya mbwa waliovimba moyo, wengi wakila vyakula visivyo na nafaka vilivyojazwa njegere na dengu badala yake. Mpaka leo hawakusema kwa hakika kuwa ndicho chanzo. Lakini kulipa zaidi kwa kitu chenye alama ya kuuliza, mimi sioni sababu. Mzio wa nafaka kwa mbwa upo, ila mzio wa nyama ya ng'ombe na wa kuku ndio wa kawaida zaidi.

#26 Mama_Zena
Kwa hivyo mbaazi ni sumu kwa mbwa? Mimi yule wa jirani humrushia mbaazi za nazi kila Jumapili!

#27 Shemeji_Kizingo
La, la, hawakusema mbaazi ni sumu. Kijiko kimoja cha Jumapili hakina neno kwa upande wa mbaazi. Tui ndilo lenye neno. Mafuta mengi kwa mbwa mdogo huchokoza kongosho, na kongosho likivimba si mchezo.

#28 Kuku_wa_Makupa
Na vitunguu jamani, mbona hamvitaji? Mimi nilimpa wangu mchuzi wa biriani, ule uliobaki chini wenye vitunguu vya kukaanga. Siku ya tatu mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Daktari akanambia vitunguu vimevunja chembe za damu. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini bili ile ningenunua mbuzi.

#29 MchungaNgombe
Ndiyo hivyo. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa zatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo nne hicho ni kitunguu kimoja tu cha kawaida, na kukipika hakuondoi. Thomu vivyo hivyo. Zabibu kavu zile za kwenye pilau nazo zaweza kuua figo. Na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kama sindano.

#30 Daktari_wa_Meno_Si_Wewe
Nimesoma yote, hakuna aliyesema meno. Mbwa hawa wadogo meno ya utotoni hukataa kutoka, yakakaa mawili mawili, jipya na la zamani. Kwa miezi kumi yote yalipaswa kuwa yameng'oka. Mwinue mdomo utazame chonge za juu. Labda kutafuna kwamuuma.

#31 OtisMjaluo
Sima inatafunwa? Ina ugumu gani?

#32 Daktari_wa_Meno_Si_Wewe
Hujala sima ya bweni wewe.

#33 KipangaWaTudor
Nimerudi, asanteni. Nimemwinua mdomo, kweli upande wa kushoto kuna chonge mbili zimesimama pamoja kama abiria wa bodaboda. Upande wa kulia ni moja.

Nimeenda pia kwa daktari na kikopo. Kwenye matatu nilikishika kwa heshima zote, abiria wa kando akauliza kama ni achari. Kwenye darubini kumeonekana mayai ya safura, "machache", kasema daktari. Amepewa dawa ya kilo zake na tutarudia baada ya wiki mbili. Nikamuuliza: kwa hivyo ni minyoo ndiyo ilimharisha? Akasema yaweza kuwa, na yaweza kuwa ni kubadilisha chakula ghafla, na yaweza kuwa vyote viwili. Chonge ataitazama wakati wa kumhasi, akiwa amelala.

Tumbo likitulia niendelee na kuku na wali siku mbili, kisha nianze punje: robo punje, robo tatu wali na kuku, niongeze polepole mpaka wiki iishe.

#34 Fundi_wa_Mtwapa
Na unga?

#35 KipangaWaTudor
Unga nimeunusa. Wanukia unga. Mamangu alikasirika nilipomwambia habari za kabati.

#36 Mama_Zena
Mimi bado nasema ni huzuni.

#37 KipangaWaTudor
Mama Zena, ngoja, nina ungamo. Leo asubuhi nimeamka mapema kuliko kawaida. Nikamkuta mamangu kibarazani, yule ambaye hataki mbwa ndani, amekata hamri vipande, avichovya kwenye chai ya maziwa, na kumrushia kimoja kimoja. Huyu bwana mdogo amekaa wima kama askari, mkia wafagia saruji. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu siku ile ya pili, maskini, alikuwa hali."

#38 BaharaWaLikoni
KESI IMEFUNGWA. Mbwa si mgonjwa, ni Mswahili.

#39 Hesabu_Changamwe
Hamri moja la unga, sukari, tui na mafuta ya kukaangia laweza kumaliza karibu nusu ya kalori zake za siku. Mamako alikuwa akitoa mangapi?

#40 KipangaWaTudor
Asema moja. Tray yasema matatu.

#41 MchungaNgombe
Basi ndiyo sababu hakula sima, alikuwa ameshiba. Na tui na maziwa vyaweza kulegeza tumbo.

#42 Fundi_wa_Mtwapa
Lakini alisukuma sahani chini ya friji siku ya kwanza, na mahamri yalianza siku ya pili. Someni #1 tena.

#43 OtisMjaluo
Hakusukuma omena. Omena alikula, akaacha vichwa. Hiyo ni kuchagua.

#44 Tanga_Raha
Mkuu, nawaambia, ni ile nyama mbichi...

#45 Ust_Mvita
Mwambie mamako ana thawabu, lakini apunguze.

#46 Nyali_Mpya
Kwani hamri lina nafaka?

#47 BaharaWaLikoni
@Nyali_Mpya 🤦🏾

#48 KipangaWaTudor
Taarifa ya jioni. Nimempa kuku na wali kwenye sahani nyekundu. Amenusa, amenizunguka mara mbili, ametazama mlango wa jikoni kama amngojea mtu. Mamangu amejifungia chumbani ili asimwone. Mwisho amekula vijiko vitatu, akaenda kulala juu ya kandambili za mamangu.

#49 MchungaNgombe
Vizuri sana. Na choo?

#50 KipangaWaTudor
Bado hajaenda. Niko naye uani na tochi.